Mkono Ukosini: Namna ya Kujinusuru na Mkabo wa Koti

Katika Kiswahili neno kaba lina maana mbili ambazo huenda wengi wetu hatujapata kuziweka pamoja. Kaba ni ule utepe wa nguo ushonwao shingoni mwa kanzu ili kuipa nguvu. Na kumkaba mtu ni kumbana koo. Hatudai kwamba neno moja limezaliwa na jingine, maana kazi hiyo ni ya mabingwa wa lugha. Ila upo mchezo mmoja, nao ni jiujitsu ya Kibrazil, uliozikutanisha maana hizo mbili katika tendo moja: mchezaji humkaba mwenziwe kwa kaba ya koti alilolivaa huyo mwenziwe mwenyewe.

Ugomvi ukizuka sokoni au kituo cha basi, jambo la kwanza tulionalo ni mtu kumkwida mwenziwe. Ngumi huja baadaye, au zisije kabisa wakitokea wazee wa kuamua. Yule aliyekwidwa naye hufanya moja kati ya mambo mawili: ama hujivuta nyuma kwa hasira mpaka vifungo vya shati vikatike, ama hunyosha mikono kumsukuma mkwidaji kifuani. Katika jiujitsu mambo yote mawili ni makosa, na la pili ni kosa kubwa kuliko la kwanza, kama tutakavyoeleza. Tumeona yafaa leo tuwaeleze wasomaji wetu, hasa vijana walioanza kuuingia mchezo huo, jinsi mkabo wa mikono miwili ukosini ufanyavyo kazi na jinsi mtu awezavyo kujinusuru nao. Ni mkabo wa siku za mwanzo kabisa, hufundishwa mwanafunzi wa mkanda mweupe. Na hata hivyo mabingwa wa dunia wamenyosha mikono kusalimu amri kwa sababu yake.

MKASA WA KATO

Tuanze na mkasa wa kweli uliotukia Brazil mwaka 1951, kwa kuwa ndani yake mna karibu kila jambo tutakalolisema.

Judo iliasisiwa na Kano Jigoro, aliyefungua shule yake ya Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882. Mmoja wa watu wa shule hiyo, Mitsuyo Maeda, alizunguka dunia akipigana mieleka na watu wa kila taifa, akafika Brazil mwaka 1914, na mwishowe akakaa Belém, karibu na mdomo wa mto Amazon, hata akafia huko mwaka 1941. Ukoo wa Gracie husimulia kwamba Carlos Gracie alijifunza kwa Maeda akiwa kijana, kisha akawafundisha ndugu zake. Mdogo wao Helio, aliyezaliwa mwaka 1913, hakuwa mtu wa mwili mkubwa. Kwa hiyo alishughulika zaidi na mapambano ya chini, hasa yale ya mtu aliyelala chali huku amemfunga adui kiunoni kwa miguu yake miwili. Kifungo hicho cha miguu Wabrazil hukiita guarda, yaani ulinzi, nasi tutakiita hivyo hivyo ulinzi. Msomaji asiyeuona mchezo huu aweza kudhani kwamba aliyelala chali ndiye aliyeshindwa. La hasha. Katika mchezo huu mtu aliye chini, miguu yake ikiwa imekaza kiuno cha mwenziwe, ana silaha nyingi kuliko aliye juu.

Mwaka huo wa 1951 Wajapani watatu walizuru Brazil kuonyesha judo. Mkubwa wao alikuwa Masahiko Kimura, ambaye wakati huo hapakuwa na mtu wa kumwangusha katika Japani yote. Wa pili aliitwa Yamaguchi, na wa tatu, aliyekuwa kijana zaidi, aliitwa Kato. Helio aliwaalika kupigana. Alikutana kwanza na Kato, mwanzoni mwa Septemba, katika uwanja wa Maracanã mjini Rio de Janeiro, wakatoka sare. Sare hiyo haikumridhisha mtu, wakapangiwa pambano la pili mjini São Paulo mwishoni mwa mwezi huohuo.

Kimura alikuwapo, na baadaye aliyaandika aliyoyaona. Asema kwamba Kato alimwangusha Helio, akaenda naye chini, akawa juu. Akiwa huko juu akaingiza mikono katika ukosi wa Helio ili amkabe. Helio naye, kutoka chini, akaingiza mikono yake katika ukosi wa Kato. Basi ikawa watu wawili wanakabana kwa wakati mmoja, kila mmoja akingoja mwenziwe azimie. Kimura aliutazama uso wa kijana wake ukigeuka rangi, akapiga kelele pambano lisimamishwe. Helio alipoachia, Kato alianguka kifudifudi, hana fahamu.

Kwa nini alizimia wa juu, wala si wa chini? Jibu halimo katika ujasiri wala katika nguvu za mikono. Mtu aliye juu, akimkaba mwenziwe aliyemfunga kwa miguu, hana cha kuvutia. Kila akisukuma mikono chini, mwili wake mwenyewe huinama, na shingo yake huisogelea mikono ya adui. Aliye chini ana migongo miwili ya kumsaidia: mgongo wake ulioegemea sakafu, na mgongo wa adui auvutao kwa miguu. Kato aliuleta ukosi wake mezani, tena akauleta kwa bidii. Walimu wa jiujitsu huwakataza wanafunzi wao, kwa ukali, wasijaribu kumkaba mtu wakiwa ndani ya ulinzi wake. Nao wanafunzi, kama wanafunzi wa mahali popote, hujaribu.

KINACHOBANWA NI DAMU, SI PUMZI

Watu wengi hudhani kwamba mkabo huu huzuia pumzi. Mwenye kudhani hivyo hujitetea vibaya, kwani hukaa akipima kama bado anapumua, na kwa kuwa bado anapumua hujiona yu salama. Ndipo azimiapo.

Shingoni, kila upande wa koromeo, upo mshipa mkubwa upelekao damu kichwani. Mkabo mzuri huacha koromeo huru na kubana mishipa hiyo miwili kwa mpigo. Nguvu zitakiwazo ni chache mno zikilinganishwa na zile za kuponda koromeo, na maumivu nayo ni machache. Mkabo ukikaa sawasawa, mtu hupoteza fahamu kwa muda wa sekunde 8 hadi 14 hivi. Ukiachiliwa mara, kwa kawaida hurudiwa na fahamu baada ya sekunde 10 hadi 20. Hizo si sekunde nyingi. Mtu awezaye kuhesabu kimya kimya mpaka kumi, bila kuharakisha, ameuona urefu wote wa muda alio nao.

Mikono huingiaje? Mkabaji hupeleka mkono wake wa kulia kwenye ukosi wa kulia wa mpinzani, yaani hukatiza mbele ya kifua chake, vidole vinne vikiwa ndani ya koti na kidole gumba nje, kiganja kikitazama juu. Hauishii kifuani, huusukuma mkono ule juu mpaka nyuma ya shingo, penye lebo ya fundi. Kisha mkono wa kushoto huingia ukosi wa kushoto vivyo hivyo, ama kwa vidole vinne ndani, ama kwa kidole gumba ndani. Vifundo vya mikono sasa vimepishana kama mkasi. Mkabaji huvivuta viwiko vyake kuelekea mbavuni, na ule upande wa mfupa wa vigasha huzama katika mishipa. Wajapani wana jina kwa kila namna ya kushika, kulingana na viganja vielekeavyo. Kwa mwenye shingo tofauti hiyo si kubwa.

Ukosi wenyewe hushonwa mnene na mgumu kwa makusudi. Sheria za mashindano makubwa huuruhusu uwe na upana wa sentimita 5 na unene wa sentimita 1.3, usizidi. Fundi cherehani yeyote atakwambia kwamba hicho si kitambaa tena, ni kamba.

MKONO WA KWANZA

Sasa tufike kwenye ulinzi wenyewe. Kila mwalimu tuliyemwuliza alianza na neno lilelile, nasi twalirudia: vita vyote ni vya mkono wa kwanza. Mkono wa kwanza ukiwa umefika nyuma ya shingo, mkabo umekwisha kujengwa nusu, na nusu iliyo ngumu. Mkono wa pili waweza kushika karibu po pote, hata begani, hata kitambaa cha mgongoni, na mkabo ukafanya kazi. Kwa hiyo mtu asiyeujali mkono wa kwanza kwa kuwa “haujauma” amekwisha kujikabidhi.

Chukua mfano wa mtu aliye ndani ya ulinzi, kama Kato. Kinga yake ya kwanza ni mkao. Hukaa juu ya visigino, mgongo umenyoka, kichwa juu, macho yakitazama mbele wala si kifua cha adui. Mkono mmoja hushika kosi zote mbili za koti la adui, pamoja, penye mfupa wa kifua, na kumgandamiza asiinuke. Mkono mwingine hukaa karibu na nyonga yake. Kwa mkao huo adui hawezi kufika nyuma ya shingo. Mkono wake utaishia kifuani, na mkono ulioishia kifuani haumkabi mtu. Adui akijua hivyo atajaribu kuuvunja mkao, atavuta kwa miguu na kwa mikono ili kichwa kishuke. Mapambano haya ya kuvutana hayana uzuri wa kutazama. Watazamaji hupiga miayo. Lakini hapo ndipo shingo inaponusurika au inapopotea.

Mkono wa kwanza ukiwa umekwisha kuingia, usiulinganishe na mkono wako mmoja. Tumia miwili kwa mmoja. Ushike mkono wa nguo yake karibu na kifundo, kwa mikono yako yote miwili, kisha uinue kifua na kunyosha mgongo wakati uleule unaposukuma mkono wake mbali na shingo. Si mikono yako inayoushinda mshiko wake bali ni mgongo na nyonga. Mikono yako ni ndoano tu. Wengine hufanya kwa namna nyingine, nayo ni njema: mkono mmoja huushika ukosi wako mwenyewe chini kidogo ya pale alipokamata na kuuvuta kwa nguvu, na mwingine husukuma kifundo chake upande wa pili, hata kitambaa kikamponyoka vidoleni.

Na ikiwa mshiko haung'oki? Basi usishindane nao tena. Geukia mkono wa pili. Weka kiganja chako juu ya msuli wa mkono wake uliobaki, hapo juu ya kiwiko, umzuie asivuke. Au ushike ukosi wako mwenyewe wa upande ule autakao, karibu na shingo, mkono wako uwe mlinzi mlangoni. Mkabo wa mkono mmoja haumzimishi mtu aliyekaa wima. Ukimnyima wa pili, umempa mzigo wa kushikilia wa kwanza bila faida, na vidole vyake vitachoka kabla ya shingo yako.

Iko kinga ya mwisho, ya mtu aliyechelewa. Mikono yote miwili imeingia na mkasi umeanza kufunga. Hapo ingiza mkono wako baina ya kigasha chake na shingo yako, kiganja kiguse sikio kama mtu anayepokea simu, kiwiko kikielekea chini. Mkono huo sasa ni kabari ya kuzuia mkasi usifungike upande mmoja. Na upande mmoja ukibaki wazi, damu hupita. Kinga hii haimalizi mambo. Inakupa pumziko la kunyosha mgongo, na kuanza upya kazi ambayo ulipaswa kuifanya mapema. Twaona watu wengi wakiikalia, mkono sikioni, wamestarehe kana kwamba kweli wanazungumza na jamaa. Muda mfupi baadaye adui hubadili mwelekeo wa miguu na kuunyakua mkono uleule.

Kuhusu kidevu, tuseme wazi. Kinga ya kienyeji ya kila mtu ni kuficha kidevu kifuani kama kobe. Kwa mikabo ya koromeo husaidia kidogo. Kwa mkabo huu wa pande mbili za shingo kidevu hakizuii chochote, kwani vigasha hupita kandokando yake. Tena huinamisha kichwa, na kichwa kilichoinama ndicho adui anachokitafuta.

MTU ALIYEKALIWA KIFUANI

Hali ni mbaya zaidi mtu akiwa amelala chali na adui amemkalia kifuani. Hapa uzito wote ni wa adui, sakafu ni yake, na hata mvuto wa dunia ni wake. Roger Gracie, mjukuu wa Carlos, ambaye ni bingwa wa dunia mara 10 katika mkanda mweusi, alijulikana duniani pote kwa mkabo huu kutoka hapo. Mwaka 2009, katika mashindano ya dunia huko California, alishinda uzito wake na pia shindano la wazi la uzito wote, akiwalazimisha wapinzani wake kusalimu. Katika fainali ya shindano la wazi alimkaba Romulo Barral, ambaye si mtu wa kukabwa ovyo. Kila aliyepambana naye alijua ni mkabo gani unaokuja, na kujua huko hakukuwafaa sana. Twaamini maelezo yake ni haya: mkono wake wa kwanza ulikuwa ukiingia kwa ndani mno, taratibu, bila pupa, na aliyejaribu kuung'oa ilimbidi ainue viwiko mbali na mbavu. Kiwiko kikiinuka, Roger huuchukua mkono na kuunyosha kuuvunja. Mtu hulazimika kuchagua kati ya shingo na mkono.

Hapa ndipo lilipo kosa la pili tulilolitaja, la kumsukuma mkwidaji kifuani. Aliyekaliwa akinyosha mikono yake miwili kumsukuma adui, amempa mikono iliyonyoka, na katika mchezo huu mkono ulionyoka ni zawadi.

Basi afanyeje? Abane viwiko mbavuni. Mikono yake aipishanishe kifuani, kila kiganja kikilinda ukosi wa upande wa pili karibu na shingo. Kisha akumbuke jambo moja ambalo kwa maoni yetu ndilo moyo wa somo lote: mkono ulioko ukosini hauko sakafuni. Mtu aliyemkalia mwenziwe husimama imara kwa sababu aweza kuegemea mikono yake pande zote akisukwasukwa. Kila mkono auingizao shingoni ni nguzo aliyoing'oa nyumbani kwake. Akiingiza wa kwanza, nyumba imebaki na nguzo moja. Akiingiza wa pili, haina hata moja.

Kwa hiyo mkono wa kwanza uingiapo, usitupwe nje kwa kila hali. Waweza kufungwa humo humo. Aliyekaliwa hukamata kifundo chake kwa mkono mmoja na kiwiko kwa mwingine, akaubana mkono ule kifuani pake. Hunasa pia mguu wa adui ulio upande uleule wa mkono huo, kwa kuuzuia na unyayo wake mwenyewe. Sasa upande huo adui hana mkono wa kuegemea wala mguu. Kisha huinua nyonga juu kwa nguvu zake zote, kama daraja, na kuviringika kuelekea upande huo. Adui mjanja huona hatari na kuweka kichwa chake sakafuni upande mmoja, na mkono wake wa pili sakafuni upande wa pili, ili asipinduke. Vema. Muda wote mkono ule uko sakafuni, mkabo haujatimia. Aliye chini amenunua sekunde, na sekunde ndizo anazozitafuta; aendelee kuinua daraja, mara ya pili na ya tatu, huku akisogeza nyonga pembeni.

Na akifaulu kupindua? Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo. Amempindua adui, yuko juu, watazamaji wanashangilia. Lakini yuko wapi? Yuko ndani ya ulinzi wa adui, na mkono wa kwanza wa adui bado umo ukosini mwake, kwa ndani. Yuko pale pale alipokuwa Kato. Wangapi wamekabwa katika dakika hiyo ya furaha! Hivyo kazi ya kwanza ya aliyepindua si kushambulia wala kumtazama mwamuzi. Ni kunyosha mgongo na kuung'oa ule mkono.

TULIVYOONJA SISI

Hatukutaka kuyaandika haya kwa kusimuliwa tu. Tulikwenda katika ukumbi mmoja wa mazoezi, ambao hatutautaja, tukaketi juu ya mikeka jioni tatu. Jioni ya pili mwenzetu mmoja wa chumba cha habari, mtu mwenye shingo nene na maneno mengi, aliazima koti akasema naye akabwe. Aliyepewa kazi hiyo alikuwa msichana mwenye mkanda wa buluu, kichwa chake kikifika begani mwa mwenzetu. Akalala chali, akamfunga kwa miguu. Mwenzetu alificha kidevu. Tuliuona mkono wa kwanza ukiingia bila haraka, kama mtu atafutaye ufunguo mfukoni, na mwenzetu akatutazama akitabasamu, maana hauumi. Mkono wa pili uliingia juu ya bega. Yule binti alivuta viwiko. Tabasamu ilikaa usoni kama sekunde tatu zaidi ya ilivyostahili, kisha kiganja cha mwenzetu kikagonga mkeka, mara tano au sita, ingawa mbili zilitosha.

Alipoketi alitwambia kwamba alikuwa akipumua vizuri tu, na kwamba sauti za ukumbini zilianza kusikika kutoka mbali, mithili ya redio ya jirani.

Jioni hiyo hiyo tuliona jambo ambalo halikutufurahisha. Kijana mmoja wa mkanda mweupe alikamatwa barabara na hakugonga. Rafiki zake walikuwa wamekaa ukutani wanamtazama, na twadhani hiyo ndiyo sababu. Mkabaji naye alikuwa mgeni, hakujua kumtazama mtu usoni. Mikono ya kijana ililegea, mguu mmoja ukatikisika. Aliyewahi kuona alikuwa mwanafunzi mwingine aliyekuwa akijifunga mkanda pembeni. Alipiga ukelele, akaruka na kuibandua mikono ya mkabaji. Kijana aliamka baada ya muda mfupi, akauliza kama pambano limekwisha kuanza. Watu wawili watatu walicheka, na mwalimu aliwanyamazisha kwa jicho.

Tumelileta jambo hili kwa sababu kugonga ni sehemu ya ulinzi, kama vile mkao na daraja. Kiganja hugonga mkeka au mwili wa mwenzio mara mbili. Mikono ikiwa imenaswa, mguu hugonga, au mdomo husema. Mkabaji akihisi kugonga aachie papo hapo, bila kungoja mwalimu wala kuuliza. Na akiona mwenziwe amelegea, aachie hata kama hakugongewa, kisha mtu huyo alazwe chali kwa utulivu, wala asiruhusiwe kurudi mkekani siku hiyo. Asiporudiwa na fahamu upesi, au akiona kiwi, au akisema hovyo, au shingo ikiendelea kuuma, apelekwe kwa daktari, maana mishipa ya shingo ikijeruhiwa ni jambo la hatari hata kama hutokea mara chache. Wala wasomaji wetu wasiyajaribu haya nyumbani kwa watoto, au baa kwa kushindana. Pasipo mwalimu na mkeka, haya tuliyoyaandika ni maneno ya gazeti tu.

Turudi Rio. Majuma matatu hivi baada ya Kato kuzimia, tarehe 23 Oktoba 1951, Kimura mwenyewe aliingia Maracanã kupambana na Helio. Aliandika baadaye kwamba alipofika uwanjani alikuta jeneza, akaambiwa kwamba limeletwa kwa ajili yake. Alicheka. Hakwenda kukabana ukosi kwa ukosi kama kijana wake. Alimwangusha Helio mara nyingi, akamwekea uzito, na baada ya kadiri ya dakika 13 akaukamata mkono wa Helio na kuupinda nyuma mpaka ukavunjika. Helio hakugonga, Carlos ndiye aliyesalimu kwa niaba ya mdogo wake. Pigo lile la mkono Wabrazil huliita kimura mpaka leo, kwa heshima ya aliyewashinda. Helio aliendelea kufundisha, akafa Januari 2009, mwenye umri wa miaka 95, miezi michache tu kabla Roger hajaupeleka ule mkabo wa ukosi California.

Jioni ya tatu kijana aliyezimia alikuwapo ukumbini, amekaa pembeni bila koti, kwa kuwa mwalimu alimzuia asicheze. Mwenzetu mwenye shingo nene alivaa lake. Yule binti alilala chali, akamfunga kwa miguu, akaupeleka mkono wa kulia. Na safari hii mwenzetu aliudaka kwa mikono yake miwili ukiwa bado uko kifuani.